Shingo inauma: kairopraktika, fizio, masaji au vidonge?

Kila nikiulizwa "shingo inaniuma niende kairo au fizio" (kairo ni kairopraktika, tiba ya kusukuma pingili na viungo kwa mikono, fizio ni fizioterapia, tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi na kushikwa), huwa naanza na swali moja tu, hayo maumivu yanaishia wapi? Yakiishia shingoni na kwenye bega hiyo ni habari nyingine, yakishuka mkono mzima mpaka kidoleni hiyo ni nyingine kabisa. Wengi hawajiulizi, wanachagua kwa sababu wameona video mtu kalazwa kwenye kitanda, anageuzwa kichwa, inalia ko! halafu anaamka anacheka kama kazaliwa upya. Mi mwenyewe ndo nilivyochagua mara ya kwanza kwa hiyo simcheki mtu.

Inauma kwa nini hasa

Shingo ina pingili 7 na zinabeba kichwa chenye kilo 4 na nusu mpaka 5 hivi. Ukitaka kuelewa kazi yake chukua kidumu cha maji cha lita 5, kibane kifuani, utakaa nacho vizuri tu, sasa nyoosha mkono mbele nacho uone utamaliza sekunde ngapi. Kichwa kikienda mbele ndo hivyohivyo, misuli ya nyuma ya shingo inageuka kuwa kamba ya kukivuta kisianguke. Kuna hesabu ilitolewa 2014 na daktari mpasuaji wa mgongo wa Marekani kwamba ukiinamia simu kwa nyuzi 60 shingo inabeba kama kilo 27, ile picha imezunguka sana mitandaoni, ila jueni ile ni hesabu ya modeli ya kompyuta, hakuna shingo ya mtu iliyopimwa pale, na wapo watu wanainama kutwa nzima miaka nenda rudi na hawaumwi. Kinacholeta shida zaidi ni kukaa mkao mmoja bila kuhama, hata huo mkao uwe mzuri namna gani.

Sababu inayowapata wengi ni misuli na vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili. Umelala vibaya, umekaa masaa mengi, una mawazo mengi na mabega yamepanda mpaka masikioni bila wewe kujua, asubuhi unaamka shingo imegoma. Yangu ilikuwa hivyo, nataka kuangalia saa upande wa kushoto haiendi, ikabidi nigeuke mwili mzima kama mtu aliyevalishwa ndoo kichwani, na chafya ndo ilikuwa mtihani, unaisikia inakuja unaidaka shingo kwa mikono miwili unaomba ipite salama. Hii ya kuamka imekakamaa mara nyingi inaondoka yenyewe ndani ya siku chache mpaka wiki, kumbuka hilo maana ntalirudia huko chini.

Ya pili ni mshipa wa fahamu (neva) kubanwa, labda na diski, ule mto laini kati ya pingili na pingili, iliyotokeza au mfupa uliokua pembeni kwa sababu ya umri. Hapa maumivu hayakai shingoni, yanashuka mkono, yanachoma kama umeme au yanakuja na ganzi, na kidole kinachopata ganzi kinakwambia mengi. Kidole gumba mara nyingi ni neva ya sita ya shingo, cha kati ni ya saba, kidole cha mwisho ni ya nane (ndio, pingili ni 7 ila jozi za neva za shingo ni 8, mi mwenyewe nilidhani wamekosea kuhesabu). Na habari njema ni kwamba hata hii nayo kwa wengi inatulia ndani ya wiki au miezi kadhaa bila kupasuliwa.

Halafu kuna ajali, gari limegongwa nyuma kichwa kikaenda mbele na kurudi. Kuna uzee wa viungo, ambao kila mtu ataufikia.

Hapo kwenye uzee nisimame kidogo. Watu wanapiga MRI, ile picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, wanaletewa karatasi imeandikwa diski imetokeza, wanalia, wanadhani maisha yameisha. Japani walipima watu 1,211 wasioumwa shingo kabisa, matokeo yakatoka 2015, na karibu asilimia 88 walikutwa diski zimetokeza, wakiwemo vijana wa miaka ya 20. Kwa hiyo picha peke yake haisemi kwamba maumivu yako yanatoka hapo, inabidi picha na unachosikia mwilini viendane.

Na kuna zile ambazo hakuna mjadala wa kairo wala fizio, unaenda hospitali na unaenda leo: shingo imeuma baada ya kuanguka au ajali, shingo ngumu pamoja na homa na kichwa kuuma, mkono unakosa nguvu, vitu vinakudondoka, kufunga vifungo vya shati kumekuwa kazi, unatembea unayumba, mkojo au choo kinatoka bila wewe kujua, umewahi kuwa na kansa au unakonda bila sababu, maumivu yamekuja pamoja na kifua kubana. Na hii wengi hawaijui, maumivu ya ghafla ya shingo na kichwa ambayo hujawahi kuyasikia maishani, hasa yakija na kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito au kumeza kwa shida. Hiyo inaweza kuwa mshipa wa damu wa shingo umechanika, na hapo mtu yeyote asikushike shingo.

Kairo

Kairopraktika ilianza 1895 kule Davenport, Iowa, Marekani, jamaa mmoja anaitwa D.D. Palmer alimsukuma pingili za mgongo Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo, akasema masikio yake yaliyokuwa hayasikii yakafunguka. Kutoka hapo akajenga nadharia kwamba pingili zikisogea kidogo mahali pake zinaziba neva na ndo chanzo cha karibu magonjwa yote. Naileta hii historia kwa sababu bado inaishi. Wataalamu wengi wa kairo wa leo wameiacha, wanashughulika na mgongo, shingo na viungo basi, ila bado utakutana na anayekwambia pingili yako "imetoka" na yeye anairudisha, na kwamba hata presha na pumu zitapona. Ukisikia hiyo ya pumu, vaa viatu.

Pingili haijatoka popote. Ingetoka kweli ungekuwa kwenye gari la wagonjwa. Na ule mlio sio mfupa kurudi mahali pake, ni gesi kwenye maji ya kiungo. Kiungo kikivutwa ghafla presha ndani inashuka na uwazi wa gesi unajitengeneza, 2015 watafiti wa Canada walivuta vidole vya mtu akiwa ndani ya mashine ya MRI wakaona kabisa uwazi ukitokea sekunde hiyohiyo kidole kinapolia. Ni kitu kilekile unachofanya ukialisha vidole. (Na wale mliotishwa utotoni kwamba kualisha vidole kunaleta ugonjwa wa viungo, kuna daktari wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60 afu akalinganisha mikono yake miwili, hakukuta tofauti, wakampa tuzo ya utani ya Ig Nobel mwaka 2009.)

Sasa kama hakuna kinachorudi mahali pake kwa nini watu wanapata nafuu? Ule msukumo wa haraka unakivusha kiungo kidogo zaidi ya pale kilipogoma, misuli iliyokaza inalegea, mwili unapunguza sauti ya maumivu kwa muda, na shingo inageuka zaidi. Huo muda ndo wa kuutumia, ntafika huko.

Ya kwangu ilikwendaje. Yule wa kwanza alinikalisha akaniuliza maswali mengi mpaka nikaona ananichelewesha, akapima presha, akanigonga kiwiko kwa kinyundo cha mpira, akaniambia nifumbe macho akanigusa vidole kwa pamba, nikaze vidole vyake kwa nguvu kulia na kushoto. Baadaye ndo nimeelewa ule ndo ulikuwa usalama wangu. Halafu nikalala, akaweka kidole pembeni ya pingili, akakiinamisha kichwa upande, akakizungusha taratibu mpaka kilipogoma, akasema toa pumzi, ko! Haikuuma, ilishtua tu, joto likapita nyuma ya sikio. Nikakaa, nikageuka kushoto, nikaona dirisha. Nilitaka kumkumbatia. Kesho yake asubuhi nusu ya ugumu ulikuwa umerudi na mabega yanauma kama nimelima, na hiyo ya kuuma siku moja mbili ni kawaida.

Utafiti unasemaje? Ule ninaoupenda ulitoka Marekani 2012, watu 272 wenye shingo iliyouma kwa wiki 2 mpaka 12, wakagawanywa makundi matatu kwa wiki 12: wengine wakashikwa na wataalamu wa kairo, wengine wakapewa vidonge, wengine wakafundishwa mazoezi ya nyumbani kwa vikao viwili tu vya saa moja moja. Kairo iliwashinda vidonge. Lakini kundi la mazoezi ya nyumbani lilikuwa karibu sawasawa na kundi la kairo! Vikao viwili tu halafu mtu anajifanyia nyumbani. Watu wa kairo wanaisimulia nusu ya kwanza, hii ya pili wanameza.

Na kingine, ukilinganisha ule msukumo wa ghafla na kukisogeza kiungo polepole bila mlio, maumivu yanapungua karibu sawa. Kwa hiyo kama unaogopa kunyongwa shingo una haki kabisa ya kusema "naomba usialishe shingo, nisogeze taratibu" na hupotezi kitu kikubwa. Wengine pia wanasukuma mgongo wa juu, chini ya shingo, na shingo inapata nafuu hivyohivyo.

Hatari nayo niiseme bila kutisha na bila kuficha. Kuna mishipa miwili ya damu inapanda kwenda kwenye ubongo ndani ya matundu ya pingili zenyewe za shingo, na juu kabisa kwenye pingili ya kwanza inapiga kona. Ikichanika damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Ni nadra sana. Kinachobishaniwa ni kama msukumo ndo unachana, au mtu alikuwa ameshachanika tayari na yale maumivu ya shingo ndo yaliyompeleka kwa kairo, maana utafiti mkubwa wa Ontario, Canada, uliotoka 2008 ulikuta uhusiano na kiharusi unafanana kwa waliokwenda kairo na waliokwenda kwa daktari wa kawaida. Chama cha moyo cha Marekani mwaka 2014 kilisema wagonjwa waambiwe kuhusu huo uhusiano kabla hawajashikwa. Kwangu mi jibu linakuja lilelile kwa pande zote mbili: anayekushika shingo lazima akukague kwanza, asipokukagua huyo hatari yake haina ubishi. Na kama una mifupa mepesi, ugonjwa wa viungo wa rumatoidi, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una ganzi inayozidi siku hadi siku, msukumo wa ghafla sio wako.

Fizio

Fizio haina video za kuvutia. Anakushika, anakusogeza, wengine nao wanaalisha viungo kabisa kwa hiyo usidhani kuna ukuta kati ya hizi fani mbili, ila mwisho wa yote anakupa kazi ya nyumbani. Na kazi yenyewe inaudhi kwa udogo wake. Unalala chali, unatikisa kichwa kama unasema ndio lakini kidogo sana, kidevu kinaingia ndani, unashikilia sekunde 10, mara 10. Lengo ni misuli ya ndani ya mbele ya shingo, ambayo kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu huwa imelala na ya juujuu inafanya kazi yake. Ukiona ile misuli ya pembeni inajichora kama kamba ujue unakosea, unatumia nguvu nyingi. Halafu mazoezi ya mabega, kuvuta kitu kuelekea kifuani, kunyanyua uzito kidogo kidogo.

Ubaya wake ni kwamba nafuu haiji siku hiyo, inakuja wiki ya tatu, ya nne, na wengi wameshaacha wiki ya kwanza. Mi niliacha mara mbili. Uzuri wake ni kwamba ikija inakaa, na siku shingo ikirudi kugoma unajua cha kufanya bila kumpigia mtu simu. Kwa maumivu yanayoshuka mkononi ningeanza hapa, au kwa daktari, sio kwa anayealisha shingo.

Masaji na vidonge

Masaji ni tamu, inalegeza, kama tatizo ni misuli na mawazo inafaa kabisa, ila nafuu yake ni fupi na haigusi sababu. Angalia tu anayekukanda asikugeuze kichwa ghafla mwishoni "kama zawadi", wengi hawajasomea hilo na hawajui wanachokipita.

Vidonge vya aina ya ibuprofeni na diklofenaki vinasaidia siku chache ulale na uweze kujigeuza. Zaidi ya hapo vinaanza kukudai, tumbo linachimbika vidonda, figo, presha, na kama una vidonda vya tumbo, una mimba au unatumia dawa za presha muulize mfamasia kabla hujameza. Parasetamo ni mpole kwa tumbo ila isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, na hesabu na ile iliyojificha kwenye dawa za mafua.

Basi uchague vipi

Imekakamaa jana au juzi, hakuna ganzi, hujaanguka: usiende popote kwanza. Joto, jongea kila nusu saa, kidonge ukikihitaji, usivae kola ya shingo, usilale siku tatu. Ukienda kairo siku ya tano ukapona siku ya saba utamsifia kairo, wakati ingepona tu, na hapo ndo nilisema ntarudia.

Imepita wiki mbili tatu, shingo haigeuki upande mmoja, maumivu yako palepale hayashuki: hapa kairo ana nafasi yake kabisa na mimi naipendekeza, vikao vichache, lakini ukitoka pale ukiwa umelegea siku hiyohiyo uanze mazoezi, usisubiri ikaze tena. Huo ndo muda niliousema. Kama hutaki kushikwa, fizio au mazoezi yatakufikisha, utachelewa kidogo tu.

Inauma miezi, inakuja na kuondoka, mabega nayo: fizio. Wala sibishani na mtu hapa. Ukiwa na mtaalamu wa kairo anayekupa mazoezi ya maana na kukufuatilia, huyo tayari anafanya kazi ya fizio, baki naye.

Inashuka mkono: daktari au fizio kwanza, ujue neva gani na nguvu ya mkono ikoje.

Sasa namna ya kumjua mzuri na mbaya. Sehemu moja niliyokwenda baadaye, sitaitaja, nilipigwa eksirei kabla hata sijaulizwa inauma wapi, afu dada mmoja akaja na picha amechora mstari mwekundu, ananionyesha shingo yangu "imenyooka" badala ya kupinda, na hapohapo akaleta karatasi ya vikao 36 vya mwaka mzima nisaini leo kuna punguzo. Shingo zilizonyooka wanazo watu wengi wasioumwa chochote, na kwa maumivu ya kawaida bila ajali eksirei huwa haihitajiki. Sikusaini. Nilitoka na shingo inauma zaidi kwa hasira.

Kwa hiyo kabla hujalala kwenye kitanda cha yeyote muulize: unadhani inauma nini na umejuaje, tutajua imesaidia baada ya vikao vingapi, nikiwa sitaki ualishe shingo una njia gani nyingine, na mimi nyumbani nifanye nini. Anayejibu "njoo tu mara tatu kwa wiki tutaona" mshukuru uondoke. Uliza pia amesomea wapi na kama amesajiliwa, maana kuna nchi kama Uingereza kairo ina sheria yake toka 1994 na asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo, na kuna nchi nyingine yeyote anaweza kubandika bango.

Na jipime mwenyewe, usitegemee "najisikia nafuu" ya kwenye kochi lake. Kaa kwenye kiti kilekile, mgongo umeegemea, geuza kichwa bila kugeuza mabega, angalia kitu cha mwisho unachokiona ukutani, kikariri. Rudia kila Jumapili asubuhi. Ikifika wiki ya nne hadi ya sita hakuna kilichosogea na maumivu ni yaleyale, badilisha njia, haijalishi mtaalamu ni mcheshi kiasi gani. Mi alama yangu ilikuwa mlango wa chumbani, mwanzo niliishia kwenye bawaba, baada ya kairo mara mbili na kidevu changu cha kila siku, wiki ya tano nikakiona kitasa.